Jiko Ndani ya Uzio

Wanaume wakistaafu huzuka na mambo. Mmoja atafuga kuku wasiotaga, mwingine atashinda kibarazani akiilaumu serikali mpaka chai ipoe, na mwingine, Mungu atuepushe, atamfuata mkewe jikoni kumfundisha kumenya vitunguu ambavyo mama wa watu kavimenya miaka arobaini. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo. Alicholetewa ni ramani, na kwa kweli hakuwa na la kulalamika.

Mumewe alikuwa mchora ramani wa serikali. Kazini walimwita Milimita, na jina lilimkaa kama soksi. Huyu ni mtu anayekata mkate baada ya kuuangalia kwa jicho moja. Siku ya harusi yao alimwambia mpiga picha asogee kidogo kushoto, na mpiga picha akasogea. Wiki aliyostaafu alitandaza mezani ile ramani yake kubwa, iliyompa tuzo, yenye jina lake kwenye kona ya chini, akasema, "Mke wangu, sehemu za kale zilizomo humu nilizichora mwenyewe, na nyingi nilizipita mbiombio kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Twende tukazione kwa raha zetu."

Basi kila Jumamosi walitia chupa ya chai na mayai ya kuchemsha kwenye kigari chao, wakaacha lami, wakafuata njia za vumbi. Waliona ngome iliyobakiwa na ukuta mmoja. Waliona kisima ambacho mbuzi walikuwa wanakifahamu kuliko wanahistoria. Mwalimu, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, alisoma kila kibao kwa sauti na kusahihisha tahajia kwa kalamu yake nyekundu, huku Milimita akitazama pembeni kwa aibu na kucheka chini chini. Walikuwa hawajawahi kupendana hivyo tangu watoto wazaliwe. Mwalimu aliwaambia hivyo hata mashoga zake, bila haya.

Sehemu zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja walishazimaliza. Ile ya kumi na mbili kila ikifika zamu yake, Milimita alikuwa na neno. Mara daraja limekatika. Mara kuna nyuki. Mara, "Aa, pale hakuna kitu cha maana, mawe tu." Mwalimu aliyaacha yapite, kwa sababu mume akishakuwa mzee unachagua ugomvi wa kugombana naye.

Lakini Jumamosi hiyo goti la Milimita lilikuwa limevimba, na usukani ukawa wa Mwalimu. Walipofika njia panda akaona kibao kipya, rangi bado inang'aa: MAGOFU YA KALE, KILOMITA NNE.

"Si ndiyo ile yako ya kumi na mbili?" akauliza.

"Tuendelee mbele. Hiyo njia ni mbaya."

"Mbaya? Ina kokoto nzuri kuliko mtaa wetu." Akakata kona kabla hajajibiwa.

Kilomita zote nne Milimita alikuwa ameshika mpini wa mlango. Mwalimu alidhani ni goti.

Mahali penyewe palikuwa upande wa kulia wa barabara: uzio wa waya, lango la chuma, na ndani yake kuta za mawe zilizobomoka nusu, nyasi zimefyekwa vizuri. Mwanamke wa makamo aliyevaa koti la sare lililomzidi alikuwa akifagia. Alipoona gari aliegemeza ufagio, akafunga vifungo, akaja akitabasamu.

"Nenda wewe," Milimita akasema. "Mimi goti."

"Umechora mwenyewe halafu hutaki kuona?"

"Nimesema goti, mama watoto."

Mwalimu akashuka peke yake. Mlinzi yule akasimama wima kama mtoto kwenye sherehe ya shule, akaanza kughani. Magofu haya yana umri wa miaka mia sita. Hapa palikuwa ukumbi wa wakuu, hapa walikaa wageni kutoka mbali, na pale chumba cha mtawala. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini macho hayakuwemo, na Mwalimu aliijua hali hiyo. Hivyo ndivyo watoto wanavyosema shairi wasilolielewa.

"Na hapa," mlinzi akasema wakiwa wameingia chumba cha mwisho, "lilikuwa jiko la watumishi wa mtawala."

Mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa pembeni, na ukuta nyuma yake una masizi. Mwalimu akainama. Chini kidogo ya kiuno chake, kwenye lipu ya chokaa, mtu alikuwa amekwaruza herufi kwa msumari. Akavaa miwani. a, e, i, o, u. Ile "a" ilikuwa na mkia mrefu, vilevile inavyofundishwa darasa la kwanza, na ile "e" ilikuwa imegeuzwa ikatazama upande usio wake.

Akaisoma mara mbili. Akamgeukia mlinzi.

"Mwanangu, mimi ni mwalimu. Watu wa miaka mia sita iliyopita walikuwa wanasoma darasa la kwanza shule gani?"

Mlinzi akafungua kinywa kuendelea na shairi lake, shairi likakataa kutoka. Akacheka. Kile kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Nilichapwa sana kwa hizo herufi," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amepaka chokaa juzi yake tu. Hili ni jiko la mama yangu."

Mwalimu akavua miwani, akauliza, "Jiko la nani?"

"La mama. Hii ni nyumba yetu, mwalimu. Aliijenga babu mzaa baba. Mtawala gani? Chumba cha mtawala ndiko tulikokuwa tunaweka mahindi."

Akamweleza, na huku akieleza ameshika ufagio kwa mikono miwili. Ramani ya serikali ilitoka ikiwa na alama ya magofu juu ya nyumba yao. Miaka kadhaa ikapita bila neno. Halafu ofisi ya mambo ya kale ikatangaza kwamba kila penye alama hiyo pahifadhiwe, na watu wakaja na karatasi. Baba yake aliwaonyesha paa, akawaonyesha kitanda, akawaonyesha sufuria iko motoni. Wakamwambia mzee, wewe umevamia magofu ukayaezeka. Walihamishiwa ng'ambo ya barabara yeye akiwa na miaka kumi na mitatu. Paa likang'olewa, mvua ikamalizia. Baada ya miaka kumi ikaja kamati, ikatazama kuta zilizomomonyoka, ikasema, "Loo, kweli ni ya zamani sana."

"Nikaomba kazi ya ulinzi," akasema. "Angalau niwe nafagia kwetu."

"Na magofu yenyewe? Ya kweli?"

"Yalikuwa juu ya kilima kile, ng'ambo ya mto. Mazuri, yana matao. Kwenye ramani hapakuwa na kitu, kwa hiyo wajenzi wa barabara wakayapasua wakapata kokoto. Mmekuja juu yake."

Mwalimu akaitazama ile barabara aliyoisifia.

"Usidhani nakulilia nyumba," mlinzi akaendelea. "Nyumba ilishapita. Unaona yale mawe nyuma ya jiko? Pale amelala kaka yangu, kifungua mimba wa mama. Wageni nawaambia ni madhabahu. Mama sasa figo zimekataa. Daktari ametuambia wiki, ikizidi sana mwezi. Anachoomba ni kimoja, azikwe pale kwa mtoto wake. Nimeandika mara tatu. Wanasema eneo la kale halichimbwi. Nikiwaambia ni nyumba, wananiuliza, mtaalamu gani anasema? Ramani ndiyo inasema."

Hapo ndipo Mwalimu, kwa moyo wake mweupe, alipojitia kitanzi.

"Mtaalamu?" akasema, na moyo umempanda. "Mwanangu, Mungu si Athumani! Mume wangu huyo ndani ya gari ni mchora ramani! Kastaafu ofisi hiyohiyo ya ramani! Kama kuna aliyekosea pale ofisini wakati wa kuichapa, yeye atamjua. Twende kwa mama yako sasa hivi."

Alimtoa Milimita garini karibu kwa kumvuta. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga, na jasho limemkaa juu ya mdomo. "Nakuomba turudi nyumbani," alimnong'oneza. "Nakuomba." Miaka thelathini na sita ya ndoa, hakuwahi kumsikia akisema nakuomba mara mbili mfululizo. Lakini mlinzi alikuwa ameshatangulia kuvuka barabara, akiita, "Mama! Mama, amekuja mtu wa ramani!"

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, sakafu ya saruji imepigwa deki. Bibi alikuwa ameegemezwa mito kwenye kitanda kando ya dirisha, dirisha linalotazama uzio. Miguu ilikuwa imevimba, mikono imekauka, ila macho yalikuwa macho. Milimita aliinama kupita mlangoni, akasema shikamoo kwa sauti ndogo, akakaa kwenye kiti walichompa.

Bibi alimwangalia. Akamwita kwa kidole asogee, na alipokaribia Bibi akanyoosha mkono na kugusa kovu lililokata nyusi yake ya kushoto.

"Nilikuosha hili kwa maji ya chumvi," akasema. "Ulilia kama mtoto."

Lile kovu Mwalimu alilijua. Alilibusu miaka yote hiyo. Aliambiwa ni la mpira, fainali ya shule, walishinda mawili kwa moja.

"Huyu ndiye!" Bibi akawa anamwambia binti yake, na sauti imepata nguvu isiyo na mahali pa kutokea mwilini mule. "Huyu ndiye yule kijana wa vipimo! Si niliwaambia? Mvua ya siku tatu, alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, ikateleza ikampasua usoni. Alilala kwenye kitanda chetu, baba yako akalala chini. Amekula kwangu siku tatu! Si nimewaambia wale wa ofisi miaka yote, mtafuteni yule kijana, yeye ni shahidi, amelala mle ndani, anajua ni nyumba! Wakaniona kikongwe naota." Akamshika mkono Milimita kwa mikono yake miwili. "Umechelewa, mwanangu, lakini umekuja. Sasa utawaambia."

"Nitawaambia, mama," Milimita akasema, akitazama sakafu.

Mwalimu alikuwa bado anajaribu kumeza habari ya kovu. Kumbe alikuwa amelala hapa siku tatu. Kumbe nyuki na daraja vilikuwa hadithi. Lakini akajiambia, haya, mtu anaweza kusahau, anaweza kuona aibu kwa kulia mbele ya mwanamke. Wake tuna akili nyingi sana za kumtetea mtu aliyetuzalishia watoto.

Mlinzi akafungua sanduku chini ya kitanda. "Mzee, ukienda ofisini uwe na hii. Baba alipeleka malalamiko tulipopewa notisi. Walimjibu mstari mmoja. Hatujui nani alijibu, jina halisomeki."

Akampa Mwalimu, kwa sababu Milimita hakunyoosha mkono. Ilikuwa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. *Ramani imekaguliwa na ni sahihi. Suala limefungwa.* Chini yake muhuri na tarehe, na chini ya muhuri, sahihi.

Kweli jina halikusomeka. Ilikuwa mkwaruzo tu. Lakini chini ya mkwaruzo ulipita mstari ulionyooka kabisa, uliopigwa kwa rula. Mwalimu alikuwa ameona mstari huo kwenye cheti chake cha ndoa. Ameuona kwenye ripoti za shule za watoto watatu, muhula kwa muhula, na akamtania, "Mwanamume gani huyu anatembea na rula mfukoni kwa ajili ya sahihi?" Hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye ujinga ule.

Akaegemea ukuta. Akaitazama tarehe. Mwaka ule. Mwezi ule ndio Milimita alioteuliwa mkuu wa kitengo, na yeye Mwalimu alimpigia pasi shati jeupe, akaalika majirani, akacheza mpaka viatu vikakatika.

"Mwalimu, unaumwa?" mlinzi akamuuliza. "Kaa chini."

"Naomba dakika moja na mume wangu," akasema. "Nje."

Walisimama nyuma ya gari. Jua la saa tano lilikuwa kali.

"Sema," akasema.

Akasema. Alipoanza hakuweza kuacha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, hawajakutana bado. Magofu yalikuwa juu ya kilima, ng'ambo ya mto, na mto umejaa, hakuweza kuvuka, kwa hiyo alisimamisha darubini kwenye uwanja wa yule mama, mvua ilipopungua akayapima kwa mbali. Unaandika mahali uliposimama, kisha mwelekeo na umbali wa kile unachokitazama. Jambo la kila siku. Aliporudi ofisini, kichwa kinamuuma na jicho limefungwa bendeji, alichanganya. "Nilichora alama pale niliposimama badala ya pale nilipotazama. Ni hivyo tu. Sikujua, wallahi, sikujua mpaka barua ilipofika."

"Ilifika kwako."

"Ilifika mezani kwangu. Nikatoa kile kitabu cha vipimo, nikaona."

"Ukaona."

"Ramani ilikuwa imepata tuzo wiki mbili kabla. Ningesemaje? Ningefukuzwa. Tulikuwa na mtoto wa miezi minne."

"Usimtie mtoto wangu mdomoni mwako!" Mwalimu alipiga kelele mpaka ndege wakaruka juu ya uzio. Akashusha sauti. "Umelala kwenye kitanda cha watu. Umeoshwa kidonda. Halafu ukapiga rula. Hata punda, baba, hata punda shukrani yake ni teke moja, hapigi na muhuri."

Milimita akajifuta uso. "Tunaweza kulirekebisha. Nimekuwa nafikiri hapa. Tutaandika barua ofisini bila jina. Raia mwema. Tunaeleza vipimo vyote, watakwenda kukagua wenyewe..."

"Raia mwema!" Mwalimu akacheka, na kicheko chenyewe kilimtisha. Alimtazama mtu huyu anayekata mkate kwa jicho moja, mtu ambaye alimwamini hata kwenye kupima dawa ya watoto kwa kijiko, na akahisi kama ameingia nyumbani kwake akakuta fanicha za watu wengine. "Barua isiyo na jina watafungia karanga. Yule bibi ana wiki. Wamemwambia binti yake alete mtaalamu. Mtaalamu si wewe?"

"Watanishtaki. Watachukua tuzo. Jina langu, mke wangu..."

"Funguo ziko kwangu. Sitawasha gari hili." Akazishika ngumini. "Na sitakusemea. Nimewasemea watoto wa watu miaka thelathini na mitano, walipovunja madirisha, walipokojoa darasani. Wewe una mdomo wako."

Walirudi ndani. Bibi alikuwa amewekewa mto wa pili, amefungwa kitambaa safi kichwani kwa ajili ya wageni. Milimita akakaa kwenye kile kiti. Akakohoa. Mikono aliibana katikati ya magoti.

"Mama," akasema, "lile kosa kwenye ramani ni langu. Mimi ndiye niliyechora. Nilichanganya vipimo nikaweka alama kwenye nyumba yako. Nitakwenda Jumatatu, nitaandika kwa jina langu."

Mlinzi alikaa chini pale pale sakafuni. "Wewe?" akasema. "Ni wewe?"

Lakini Bibi akatikisa kichwa polepole.

"Mwache," akamwambia binti yake. "Alikuwa kijana, jicho limefura, haoni. Nani hajakosea? Mimi mwenyewe nilimtilia chumvi mara mbili kwenye uji siku ile na akanywa bila kusema." Akampapasa Milimita mkono. "Hata marehemu mume wangu aligundua. Alisema, si mtu mbaya yule, kakosea tu, tukimwandikia atarekebisha. Akakesha siku mbili anaandika ile barua, anafuta anaandika. Walipotujibu vibaya alisema, haijamfikia. Wamemficha wakubwa zake. Aliisema hata siku anakata roho. Yule kijana ingemfikia, angekuja."

Mlinzi alikuwa analia bila sauti. Ile barua ya mstari mmoja ilikuwa juu ya kitanda, karibu na mkono wa Bibi, imefunuliwa.

Mwalimu alimtazama mumewe. Alijua, na Milimita alijua kwamba anajua. Kila kitu kilichohitajika kilikuwa kimepatikana. Kosa limekubaliwa, msamaha umetoka, Jumatatu ofisi ingepata mtaalamu wake, kaburi lingechimbwa. Kilichobaki ni kunyanyuka, kushukuru na kwenda zao. Hata yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, kuna sehemu ndogo ya moyo wake iliyosema, basi yaishe hapo, mwache bibi wa watu afe na picha yake nzuri. Alizishika funguo mpaka zikamchoma kiganjani.

Milimita aliinua uso.

"Ilinifikia, mama."

"Nini?"

"Barua ya mzee. Ilinifikia. Niliisoma yote. Nikatazama vipimo, nikaona kweli ni nyumba. Halafu nikajibu." Akaigusa ile karatasi kwa ncha ya kidole. "Hii ni sahihi yangu."

Bibi alimtazama. Mwalimu ameshawaona watu wakipewa habari za misiba, ameshawapelekea wazazi habari ambazo hakuna mzazi anayetaka kuzisikia, lakini hakuwahi kuona uso ukizeeka kwa namna ile, mbele ya macho, wa mtu ambaye alishadhaniwa amemaliza kuzeeka. Mkono uliokuwa juu ya mkono wa Milimita ukatoka. Haukutoka kwa hasira. Ulirudi tu kifuani kwake na kulala hapo.

"Uliisoma," akasema.

"Ndiyo."

"Ile sehemu aliyosema mtoto yuko nyuma ya jiko?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akageuzia uso dirishani. Kifua kilipanda na kushuka kwa shida, mpaka binti yake akainuka kumshika, naye akamzuia kwa kidole.

"Mletee karatasi," akasema. "Aandike. Aandike alilala wapi, alikula nini, nani alimpisha kitanda. Aandike na ya barua. Yote, na jina lake lisomeke." Akavuta pumzi. "Mwalimu, wewe ukae. Mimi sijui kusoma, utanisomea nijue kama ameacha kitu."

"Nitakusomea, mama," Mwalimu akasema.

Mlinzi akaleta daftari na kalamu, akaviweka mezani bila kumtazama yule mzee. Milimita akasogeza kiti karibu na meza, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Si hapo," Bibi akasema, bado anatazama dirishani. "Nenda kaandikie nje. Hicho kiti nimemwekea mgeni."

Milimita akasimama. Alilibeba lile daftari kwa mikono miwili, akainama kupita mlangoni, na goti lake baya likampa shida kwenye kizingiti. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Mwalimu alimwona kupitia dirisha akitafuta pa kukaa, akageuka huku na huku, mwisho akaketi chini kwenye kokoto kando ya barabara, akaanza kuandika.